Bomba la mgongoni la kuzimia moto: misimu miwili kwenye paina, nyota tatu na moja kati ya hizo ni ya huruma

Kamwene wadau. Tangu niweke ile picha status nimebeba mfuko mwekundu mgongoni, sura nyeusi kama nimetoka kwenye tanuri la mkaa, watu hawaachi kuniuliza lile dude ni nini, nimelipata wapi, bei gani, na je linamfaa mtu mwenye miti yake kijijini. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika mara moja hapa na nitasema yote, maana hela haikuwa yangu peke yangu, ulikuwa mchango wa watu na hadi leo kuna wazee wakinikuta njiani wananiuliza "begi letu linaendeleaje".

Kwanza mjue natokea wapi ili msinibishie. Sisi tupo Mufindi, huku juu kwenye baridi, kijiji kimezungukwa na paina. Ukisimama pale ofisini kwa mtendaji ukajizungusha unaona miti tu, kule mbali ni shamba la serikali la Sao Hill, huku karibu ni ya kwetu wanakijiji, huyu eka mbili, yule eka tano, mwalimu mmoja mstaafu ana kumi na mbili. Miti ndo benki yetu. Mtoto akipata chuo, mzazi anauza eka moja ikiwa imesimama, mchezo umeisha. Shida ya hii benki ni moja tu, inaungua. Paina zetu nyingi ni ile patula, gome lake jembamba, moto wa majani ukipita chini yake dakika chache tu mti mchanga ndo basi tena, na wala huoni siku hiyo hiyo, siku hiyo unaona kijani kijani unashukuru Mungu, wiki mbili baadae sindano zote, yaani yale majani membamba ya paina, zimegeuka rangi ya chai.

Na moto wetu haushuki kutoka mbinguni. Ikifika mwezi wa saba, wa nane, watu wanashuka mabondeni kuandaa vinyungu, yaani vile vishamba vya bondeni, wanafyeka, wanakusanya, wanachoma. Kinyungu kipo chini, miti ipo juu mlimani, sasa moto ukipanda mlima unakimbia vibaya mno kwa sababu ndimi zinainamia majani ya mbele zinayakausha kabla haujafika, yaani unakuwa unajiandalia njia wenyewe. Wengine ni warina asali, wengine watoto wanaosaka panya, wengine mtu kagombana na shemeji yake kuhusu mpaka, hayo tuyaache. Sheria ndogo yetu inasema kibali cha kuchoma unachukua kwa serikali ya kijiji na unachoma jioni upepo umetulia, na majirani wawepo. Inasema hivyo.

Haya, bidhaa yenyewe. Ni mfuko wa turubai lililopakwa mpira, unaingia lita 20, una mikanda ya begani, chini unatoka mpira unaoungana na pampu ya mkononi ya shaba, ile ya kuvuta na kusukuma kama pampu ya baiskeli ila hii inatoa maji ukivuta na ukisukuma pia. Mbele kuna nozeli unaizungusha, mshale au mvua. Mfuko ukiwa mtupu unaukunja unakaa chini ya kitanda. Tuliagiza duka moja la vifaa vya usalama huko Dar, jina silitaji na mtaona kwanini, mbili kwa shilingi laki tatu na themanini kila moja, zikaja na basi hadi Mafinga, kutoka Mafinga bodaboda. Kwa bei hiyo ndugu zangu sisi huku tulikuwa tunategemea kitu kinachoongea.

Ilivyokuwa ni hivi, kaya zenye miti zilichangishwa elfu tano tano, nikiwa mimi katibu wa kamati ya moto, na mimi ndo niliyeona video mtandaoni wazungu wanazima moto msituni na yale mabegi, nikasema hiki ndo tunachokosa. Kwenye mkutano babu mmoja akanyoosha mkono, akasema "Mwanangu, hilo begi linaingia maji ndoo moja. Mimi nyumbani nina ndoo tatu." Watu wakacheka. Nikamjibu vizuri tu kwa heshima, shikamoo nyingi, nikamwambia babu hii ina presha. Akasema haya. Nalikumbuka sana lile "haya".

Siku ya kufungua boksi lilikuwa linapendeza kiukweli. Mishono imara, mikanda mipana, pampu nzito ya shaba sio plastiki. Kwenye boksi wameandika linarusha mita 10. Mimi nikachukua futi ya fundi, uwanja wa shule, hamna upepo, mshale ukafika mita saba na kidogo na hapo nimevuta kwa nguvu za mtu aliyekula ugali. Ukitaka maji yafike na nguvu ya kufanya kazi na sio ya kunyunyizia mchicha, simama mita nne. Sasa mita nne kutoka kwenye moto wa nyasi kavu zilizofika kiunoni ni karibu mno, utaniambia.

Na ule uzito. Lita 20 ni kilo 20, ongeza mfuko na pampu, hapo unapanda mlima kutoka mtoni. Mfuko ni laini, maji yanacheza, ukikanyaga vibaya yanakuvuta upande. Vijana wetu wanabeba mbao za inchi nne kila siku wala hawalalamiki, lakini hilo begi walilalamikia. Halafu kifuniko chake hakibani vizuri, ukiinama maji yanashuka shingoni, mwezi wa nane Mufindi asubuhi baridi ile, nawaachia mfikirie.

Mtihani wenyewe ulikuja mwezi wa tisa msimu wa kwanza. Saa saba mchana, jua kali, upepo wa kuja na kuondoka. Filimbi ikalia kwa balozi wa kitongoji cha bondeni, kisha simu, kisha ile rimu ya gari tuliyoitundika shuleni ikaanza kugongwa. La mgambo hilo. Ukitazama bondeni moshi mweupe kwanza, ndani ya dakika chache umegeuka mweusi kahawia, maana yake umeshaacha matete umeingia kwenye sindano za paina na matawi ambayo mwenye shamba hakupogoa. Kama hujawahi kusikia sauti ya moto kwenye paina isiyopogolewa, ni kama lori linapanda mlima na gia ndogo. Matawi ya chini ndo ngazi yake, unapanda kwa tawi la kwanza la pili la tatu mpaka kileleni, ukishafika kileleni hapo usijidanganye na begi wala ndoo, toka.

Mimi na mwenzangu mmoja tukavaa mabegi yetu tukakimbilia mbele kishujaa. Nasema kishujaa ila ni kijinga. Tulienda upande wa juu, yaani moto unakuja kwetu, kwenye video wale watu walikuwa wamesimama hivyo hivyo. Nikapiga mshale. Maji yalifika, yakatoa "tshsh" moja, eneo kama la meza likazima, moto ukapita kulia na kushoto kwake kama vile mto unavyopita jiwe. Nikapiga tena. Dakika kama nne, tano, begi limekwisha, mtoni ni mwendo wa nusu saa kwenda na kurudi na kilo zako 20, na joto usoni lilikuwa la kuunguza nyusi. Kaka mmoja ambae amefanya vibarua vya zimamoto kwenye mashamba ya miti akanishika mkanda akanivuta kwa nyuma akanifokea, "Unasimama mbele ya moto unamsubiri nani? Pita ubavuni, ingia kwenye weusi!" Weusi ni pale palipokwisha kuungua. Hilo somo lina thamani kuliko laki tatu na themanini, na lilikuwa la bure.

Kilichouzima ule moto haikuwa begi. Ni vitu viwili. Cha kwanza barabara ya moto, ile ya mita kumi iliyopo kati ya shamba la mwalimu na ya watu wa juu, ambayo mwezi wa tano ililimwa viazi, viazi vikavunwa, udongo mwekundu ukabaki mtupu. Moto ulifika pale ukalala. Yaani ulilala wenyewe, ukatupa cheche kadhaa ng'ambo ambazo akina mama waliokuwa wamejipanga na matawi mabichi wakazikanyaga. Cha pili ni vipigo. Hivi vipigo nitavieleza vizuri kwa sababu ndo bidhaa ninayotaka mnunue, na hakuna duka linaloviuza.

Fundi wetu wa kuchomelea pale njia panda anatengeneza kwa elfu kumi na mbili. Mpini ni mlingoti mchanga uliokauka, urefu kama mita mbili ili uso wako uwe mbali. Kichwani anafunga kipande cha mpira wa madigadi la lori, upana kama daftari kubwa mbili, kwa bati la chuma na bolti nne zenye washa. Toleo lake la kwanza alifunga tyubu ya tairi, likajikunja na kunata kwenye moto kama bigijii, tukalirudisha. La pili alikata tairi lenye nyaya ndani, zito balaa na nyaya zikawa zinakwangua sindano zinarusha moto. Madigadi ndo jibu, mpira mnene laini usio na waya. Sasa hivi anaongeza mashimo madogo sita upepo upite, mimi sijaona tofauti ila yeye anasema ipo, na ukimbishia anapandisha bei.

Kipigo kina namna yake ya kutumia. Wengi tulikuwa tunapiga kama tunapura maharage, unanyanyua juu unashusha kwa nguvu, unatawanya cheche kumi kuzima moja. Unatakiwa ushushe taratibu, ukandamize, uburute kuelekea kwenye weusi. Kandamiza, buruta. Watu wanne wanafuatana pembeni mwa moto, wa kwanza anapunguza ndimi, wa pili anaua, wa tatu anarudia, wa nne anatazama nyuma. Ukichoka unatoka mbele unaenda nyuma. Moto ukizidi kimo cha mtu, vipigo weka chini, rudini kwenye barabara ya moto, huko mbele hakuna cha kupigania.

Na kama kuna mtu anaona matawi na mipira ni ushamba, Oktoba 2020 Kilimanjaro ilipoungua, zaidi ya kilomita za mraba 90 za mlima, waliopanda kule juu kusaidiana na askari wa hifadhi walikuwa mamia ya watu wakiwemo wanafunzi wa chuo cha Mweka, na wengi mikononi walikuwa na matawi, mapanga na majembe. Huko gari la zimamoto linapita wapi? Hata kwetu halipiti. Namba ya Zimamoto 114 tumeiandika kwa rangi ukutani ofisini na shuleni, inapigwa mapema sana hata kama unadhani mtauweza, lakini gari kubwa lenye maji linaishia barabarani, na shamba liko mlima wa pili baada ya daraja la magogo. Kwahiyo saa tatu za kwanza ni zenu wenyewe.

Sasa mbona nimempa begi nyota tatu na sio moja? Kwa sababu ya usiku.

Moto wa paina ukizima juu haujazima. Chini kuna zulia la sindano za miaka, nene kiganja kizima, moto unatambaa humo ndani bila ndimi, unaingia kwenye kisiki, unafuata mzizi, kesho saa sita upepo ukiamka unatokea mita kumi nyuma yako na hakuna mtu, watu wote wameenda kulala wanajisifu. Hivyo ndo tulivyopoteza shamba miaka ya nyuma. Safari hii tukagawana zamu siku mbili usiku na mchana, watu sita sita, tochi, majembe na yale mabegi mawili. Na hapo ndugu zangu lile begi likawa mfalme. Unakuta kisiki kinafuka, jembe linafukua, wewe unapiga maji kidogo tu, kwa mshale mwembamba unaochoma hadi ndani, jembe linakoroga tope, unapiga tena, unaweka mgongo wa kiganja karibu kusikia joto, unahamia kingine. Lita 20 zinakwenda visiki vingi sana kwa mtindo huo. Ndoo huwezi, ndoo unamwaga yote kwenye kisiki kimoja nusu inakimbia mlima. Babu wa ndoo tatu nilimtumia ujumbe kwa mjukuu wake kwamba begi limefanya kazi, akajibu "usiku?" akacheka.

Tuligundua pia ukitia sabuni ya maji kidogo, kifuniko kimoja cha chupa kwa begi zima, maji hayabingiriki juu ya sindano, yanazama. Zile sindano zina nta, maji matupu yanateleza kama kwenye jani la gimbi. Usitie nyingi utapampu povu na pampu itakohoa.

Basi msimu wa kwanza nilikuwa tayari kutoa nyota nne. Msimu wa pili ndo likanishusha. Tulilitunza, tulilikausha, tulilitundika ofisini kwa mtendaji lisikunjwe. Mwezi wa nane tukalijaribu, moja ikagoma kuvuta. Ndani ya pampu kuna valvu mbili za mpira na kijipira cha chuma, mpira ukawa mgumu umepasuka, unavuta upepo tu. Kipande hicho ni kidogo kuliko sarafu ya mia mbili. Nikapiga duka la Dar. Mara ya kwanza akapokea kijana akasema bosi atanipigia. Mara ya pili wakasema spea haziuzwi peke yake, ninunue pampu nzima laki moja na arobaini. Mara ya tatu hawakupokea. Nikatuma picha kwa WhatsApp, tiki mbili za bluu, kimya mpaka leo ninavyoandika. Waranti ilikuwa miezi kumi na mbili na sisi tulikuwa mwezi wa kumi na moja, nina risiti, nina tarehe. Hiyo nyota moja nimeing'oa hapo na wala sijutii. Fundi wa pikipiki akatukatia ya kuigiza kutoka kwenye mpira wa tyubu, ikafanya kazi siku mbili ikavimba.

Tukaanza kutumia bomba la kawaida la kupulizia dawa shambani, lile la lita 16 la plastiki la kusukuma na wenzo pembeni, ambalo karibu kila nyumba inayolima viazi inalo, bei huku elfu arobaini na tano hadi sitini. Na niwaambie ukweli unaoniuma kama katibu, kwa kazi ya visiki linafanya robo tatu ya kazi ya lile begi la laki tatu. Linarusha karibu, mita mbili tatu, na wenzo wake mwembamba ukishika kwa hasira unavunjika, lakini spea zake zinauzwa Mafinga sokoni na hata kwenye duka la pembejeo hapa kijijini. Toa ile nozeli ya ukungu weka ya tundu moja. La muhimu kuliko yote, litakalotumika kwa moto liwe la moto tu. Sisi mama mmoja alikuja na la kwake limetoka kupiga dawa ya wadudu kwenye viazi asubuhi ile, moshi na ile harufu, kijana akajifuta macho kwa mkono uliolowa akalia siku nzima. Tulinunua matatu tukayapaka rangi nyekundu, yanalala ofisini, mtendaji ana ufunguo na mwenyekiti ana mwingine, na mwingine upo kwa mama wa genge la mbele ya ofisi kwa sababu mtendaji na mwenyekiti wote wanaweza kuwa wameenda wilayani siku hiyo hiyo, imeshatokea.

Kuna mtu atauliza kuhusu mitungi ya unga, ile myekundu. Tunao mmoja, kilo sita, kwenye ding dong, ile mashine ya kupasulia mbao. Pale kuna injini ya dizeli, kuna msumeno unaopata moto, kuna mlima wa vumbi la mbao, ni lazima. Injini ikishika moto ule mtungi ni mzuri, vuta pini, lenga chini kwenye shina la moto na sio kwenye ndimi, fagia. Ila una sekunde kumi na tano hivi, basi, ukishapiga hewani umekwisha. Kwenye rundo la vumbi la mbao unadanganya, unazima juu, ndani unabaki unafuka, lazima ufukue na umwage maji. Na kwa moto wa shamba usihangaike, ni kama kumrushia tembo unga wa sembe. Wenye mitungi majumbani waipindue juu chini mara moja kwa mwezi unga usigande, mshale uwe kwenye kijani. Wetu tuliukuta umegeuzwa kizuizi cha mlango.

Nguo, niliseme hilo maana nimeona watu wanapuuza. Kijana wetu mmoja alikuja na jezi ya nailoni ya mpira wa miguu, cheche moja ikayeyusha ikanata begani. Tulimwagia maji ya kawaida ya kutiririka kama dakika ishirini, bibi mmoja alikuwa ameshafika na dawa ya meno tukamshika mkono kwa upole, "Bibi, hapana, maji tu," kisha zahanati. Alipona vizuri ila kovu lipo. Vaa pamba, shati la mikono mirefu, suruali nzito, kitambaa usoni, na viatu vya ngozi kama unavyo, gambuti zinapata moto ukisimama sana kwenye majivu. Na aliyekwisha kunywa pombe ya komoni asiingie mstarini, akae kwenye kubeba maji. Tuna mmoja huwa anakasirika kila mwaka.

Sasa hesabu. Tulitumia 760,000 kwa mabegi mawili. Kwa hela hiyo hiyo tungepata vipigo thelathini vya madigadi, ambayo ni laki tatu na sitini, mabomba manne ya dawa mapya, na inayobaki ingelipa vibarua kukwangua barabara ya moto mara ya pili mwezi wa nane. Hiyo ya pili ndo watu wanasahau. Mwezi wa tano mnakwangua vizuri mnapiga picha, ikifika mwezi wa nane sindano zimeshaanguka zimefunika, barabara imekuwa daraja la moto badala ya kizuizi. Fagia tena mpaka udongo uonekane. Kijiji cha jirani hawana begi hata moja, wana vipigo na wanafagia mara mbili, na mwaka jana moto ulipotokea kwetu ukaelekea kwao uliwafia mlangoni. Mwenyekiti wao ananisalimia kwa kuniuliza kama nina video nyingine.

Kwahiyo ukiuliza ninunue au nisinunue. Kama kamati yenu ina vipigo vya kutosha watu ishirini, ina barabara za moto zinazofagiwa, mna mtu wa zamu ya usiku, na bado hela ipo, nunua begi moja kwa ajili ya visiki, na siku ya kununua ondoka na valvu za akiba mkononi la sivyo usilipe. Kama hamna hivyo vya kwanza, liache dukani. Kwa mtu mmoja mwenye eka zake mbili, bomba la dawa la lita 16 na kipigo kimoja nyuma ya mlango, na pogoa matawi ya chini mpaka kimo cha mkono wako ukinyanyua, na matawi uliyopogoa yatoe usiyaache chini ya miti, nimeona watu wanapogoa vizuri halafu wanatandika godoro la moto wenyewe.

Begi langu lile zima bado linafanya kazi, juzi tu limezima kisiki cha mkaa nyuma ya shule. Lile jingine lipo limetundikwa, watoto wanaliita mkoba wa mheshimiwa. Pampu yake ni ya shaba, kipenyo cha ndani cha pale valvu inapokaa nimepima ni milimita 22, unene wa mpira milimita tatu. Kama kuna mtu Iringa, Makambako au Mbeya anajua fundi wa mabomba au duka lenye mpira wa namna hiyo unaovumilia maji ya sabuni, anitafute, nitakuja mwenyewe na pampu mkononi kabla ya mwezi wa saba.